Mwangwi Katika Ukuta wa Bomba: Kupima Ulikaji kwa Mawimbi ya Altrasoniki

Mnunuzi wa chungu sokoni hukigonga kwa kidole kabla ya kutoa fedha zake. Chungu kizima hulia kwa sauti ya wazi. Chungu chenye ufa hutoa sauti iliyofifia. Kwa kugonga huko mnunuzi hupata habari za mahali asipoweza kupaona, tena bila ya kukivunja chungu. Upimaji wa mabomba kwa mawimbi ya altrasoniki una msingi wa namna hiyo hiyo. Sauti hupelekwa ndani ya chuma, nayo irudipo huleta habari za kule ilikofika. Lakini fundi wa bomba hategemei sikio lake. Yeye hupima muda wa safari ya sauti, na kutokana na muda huo hupata unene wa chuma kilichobaki.

Somo hili limekusudiwa walimu na wanafunzi wa fizikia na kemia katika shule za sekondari. Linaeleza jinsi chuma kinavyoliwa ndani ya bomba, jinsi mwangwi unavyopima unene wake, na kwa nini kipimo kilicho sahihi kabisa chaweza kumpotosha mpimaji iwapo hakuchagua vema mahali pa kupima.

Jinsi bomba linavyoliwa

Majengo mengi ya ghorofa yaliyojengwa katika karne ya 20 yalitiwa mabomba ya chuma yaliyochovywa katika zinki. Zinki huwa kinga kwa njia mbili. Kwanza, huzuia maji yasikiguse chuma. Pili, mahali palipokwaruzwa, zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko chuma, hivyo huliwa yenyewe na chuma husalimika. Zinki ikisha, zamu ya chuma hufika.

Ili chuma kipate kutu hapana budi viwepo vitu viwili pamoja: maji na oksijeni. Mahali pamoja katika ukuta wa bomba huwa anodi, na hapo atomu za chuma huacha elektroni na kuingia majini:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Mahali pengine huwa kathodi, na hapo elektroni hizo hupokewa:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Mazao ya sehemu hizo mbili hukutana, hupokea oksijeni zaidi, na kuwa kutu ya rangi ya hudhurungi. Maji yenye chumvi huharakisha kazi hii, kwa kuwa hupitisha umeme vizuri na kloridi iliyomo huvunja utando unaokinga metali. Ndiyo sababu visima vya karibu na pwani, ambavyo maji yake huchanganyika na maji ya bahari, huwa adui wa mabomba ya chuma. Kadhalika, bomba la shaba likiungwa moja kwa moja na la chuma, chuma huwa anodi na huliwa upesi karibu na kiungo.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni kwamba ulikaji huu hauendi sawasawa. Chini ya kidonge cha kutu au tope oksijeni huwa haba, ilhali pembeni yake ni nyingi. Tofauti hiyo hupafanya pale chini pawe anodi ya kudumu, na kishimo huzidi kuchimbika siku hata siku. Bomba laweza kuwa na ukuta mnene karibu wote, likatobolewa na kishimo kisichozidi upana wa punje ya mtama.

Unene unaohitajika ni upi?

Unene wa chini unaoweza kuhimili kanieneo la maji hukadiriwa kwa kanuni ifuatayo:

t = PD ÷ 2S

ambapo P ni kanieneo, D ni kipenyo cha nje cha bomba, na S ni mkazo unaoruhusiwa katika chuma. Na ichukuliwe kwamba P ni megapaskali 1, yaani mara 10 hivi ya kanieneo la hewa. D ni milimita 60. Na S ni megapaskali 100. Jibu ni milimita 0.3 tu. Hata hivyo bomba la kawaida la kipenyo hicho huwa na ukuta wa milimita 3.6 hivi.

Unene huo wa ziada una kazi yake. Bomba hubeba uzito wake na wa maji, hupindwa, hugongwa, na ncha zake hukatwa meno ya kuungia. Meno ya bomba kama hili huwa na kina cha milimita 1.5 hivi, kwa hiyo chini ya jino hubaki milimita 2.1. Kinachosalia ni akiba ya kulisha kutu. Upimaji wa altrasoniki ni njia ya kujua akiba hiyo imeliwa kiasi gani kabla haijamalizika.

Jambo hili si dogo. Bomba likitoboka ndani ya dari, maji huharibu chokaa, nyaya za umeme na mali za wakazi. Bomba la kuzimia moto lililojaa kutu laweza kukaa kimya miaka mingi, na kasoro yake ikajulikana siku ile moto unapowaka. Kwa upande mwingine, kung'oa mabomba yote ya hospitali au bweni ilhali sehemu kubwa bado ni nzima ni kupoteza fedha ambazo zingefanya kazi nyingine.

Sauti isiyosikika

Sikio la mwanadamu husikia sauti zenye marudio, yaani mitetemo kwa sekunde, kuanzia 20 hadi 20,000 hivi. Mitetemo iliyopita kiwango hicho huitwa altrasoniki. Popo hutumia sauti za namna hiyo kuwinda wadudu gizani, na hospitali huzitumia kumwangalia mtoto tumboni mwa mama.

Chanzo cha vyombo vya leo ni ugunduzi wa mwaka 1880. Katika mwaka huo ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques Curie na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani, kama vile kwatzi, hutoa umeme zinapobanwa. Mwaka 1881 walithibitisha kinyume chake, kwamba fuwele hizo hubadili umbo zinapotiwa umeme. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Paul Langevin alitumia kwatzi kutoa na kupokea mawimbi chini ya bahari ili kutafuta nyambizi. Baadaye Sergei Sokolov wa Urusi ya Kisovieti alipendekeza mawimbi hayo yatumiwe kutafuta kasoro ndani ya metali. Katika miaka ya 1940, Floyd Firestone wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alitengeneza chombo kilichopeleka mpigo mfupi wa sauti ndani ya chuma na kupokea mwangwi wake kwa upande ule ule.

Hilo la upande mmoja ndilo lililokifanya chombo kifae kwa mabomba. Kalipa huhitaji kushika ndani na nje. Kichwa cha kupimia cha altrasoniki huwekwa nje tu, huku maji yakiendelea kupita ndani.

Kutoka muda hadi unene

Kipimio kina kichwa chenye fuwele, kisanduku chenye saa ya umeme, na uso wa kuonyeshea tarakimu. Fuwele hutiwa mpigo wa umeme, nayo hutetema. Mtetemo huingia katika ukuta wa bomba, husafiri hadi uso wa ndani, hurudi kama mwangwi, na kuifanya fuwele itoe umeme kidogo. Maadamu sauti imekwenda na kurudi, unene hupatikana kwa kugawa safari yote kwa 2:

d = vt ÷ 2

Herufi v ni mwendo wa sauti katika metali ile, na t ni muda wa kwenda na kurudi. Mwendo wa sauti, kwa makadirio, ni kama ufuatao:

Hewa: mita 340 kwa sekunde
Maji: mita 1,480 kwa sekunde
Shaba: mita 4,700 kwa sekunde
Chuma cha mabomba: mita 5,900 kwa sekunde

Mita 5,900 kwa sekunde ni sawa na milimita 5.9 kwa mikrosekunde 1, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ikiwa muda uliopimwa ni mikrosekunde 0.95, basi:

d = 5.9 × 0.95 ÷ 2 = milimita 2.8

Mwanafunzi aweza kuuliza kwa nini sauti ya kawaida isitumiwe. Jibu limo katika urefu wa wimbi, ambao ni mwendo ukigawanywa kwa marudio. Sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde ina urefu wa wimbi wa mita 5.9 ndani ya chuma. Wimbi hilo haliwezi kutofautisha milimita. Vipimio vya mabomba hutumia aghalabu marudio ya milioni 5 kwa sekunde, yaani megahezi 5, na hapo urefu wa wimbi ni milimita 1.18 tu.

Grisi nje, maji ndani

Kichwa cha kupimia kikiwekwa juu ya bomba kikavu, hakuna kipimo kitakachopatikana. Kati ya uso wa kichwa na uso wa bomba huwamo hewa, hata kama haionekani kwa macho. Mawimbi yanapotoka katika kitu kimoja kuingia kingine, kiasi kinachovuka hutegemea densiti na mwendo wa sauti katika vitu hivyo viwili. Baina ya chuma na hewa tofauti ni kubwa mno, hata zaidi ya asilimia 99.99 ya nguvu ya wimbi hurudishwa. Kwa hiyo fundi hupaka jeli, grisi au mafuta ili kuifukuza hewa na kuipatia sauti njia.

Sheria hiyo hiyo humsaidia upande wa ndani. Baina ya chuma na maji, asilimia 88 hivi ya nguvu hurudi na 12 hivi huvuka. Mwangwi unaorudi kutoka ukuta uliogusana na maji wabaki kuwa na nguvu ya kutosha. Hivyo bomba la hospitali au shule laweza kupimwa bila ya kufunga maji hata kwa dakika moja.

Makosa yanayompendeza mpimaji

Makosa kadhaa ya upimaji yana tabia moja ya hatari: huonyesha unene mkubwa kuliko ulio wa kweli, na mpimaji huondoka ameridhika.

La kwanza ni kutumia mwendo wa metali nyingine. Kipimio kilichopangwa kwa chuma kikiwekwa juu ya bomba la shaba lenye ukuta wa milimita 1.0, kitaonyesha milimita 1.25 hivi. Dawa yake ni kukijaribu kwanza kwa kipande cha metali ile ile ambacho unene wake umepimwa kwa kalipa.

La pili ni rangi. Sauti huenda polepole katika rangi kuliko katika chuma. Kwa sababu hiyo rangi ya milimita 0.2 yaweza kuongeza karibu milimita 0.5 katika hesabu ya kipimio cha kawaida. Ama rangi ikwanguliwe kwa msasa, ama kitumike kipimio kinachopima muda kati ya mwangwi wa kwanza na wa pili wa ukuta wenyewe, ambacho huiacha rangi nje ya hesabu.

La tatu ni joto. Chuma kikipata moto, mwendo wa sauti ndani yake hupungua kidogo, na bomba la maji ya moto huonekana nene kuliko lilivyo.

La nne ni ukuta uliokonda mno. Chini ya milimita 1 hivi, baadhi ya vipimio hushindwa kuutambua mwangwi wa kwanza na kuhesabu wa pili. Ukuta wa milimita 0.8 huandikwa 1.6, na bomba lililokaribia kutoboka hupewa cheti cha uzima. Namba inayopanda ghafla katikati ya namba zinazoshuka haifai kufurahiwa, yafaa ichunguzwe.

Mahali pa kupima

Kipimo cha altrasoniki ni habari ya mahali pale tu kichwa kilipowekwa, eneo lisilozidi upana wa ukucha. Sentimita 5 pembeni mambo yaweza kuwa mengine. Na ichukuliwe kwamba bomba lililolala limepimwa mahali 4 kulizunguka: juu milimita 3.3, kulia 3.1, chini 1.9, kushoto 3.0. Wastani ni milimita 2.8, na mtu aliyeandika wastani peke yake atasema bomba liko katika hali njema. Maji hayatafuti wastani ili yatoke. Yatatokea chini, penye milimita 1.9. Kwa hiyo namba ndogo kuliko zote haina budi kuandikwa daima pamoja na mahali ilipopatikana.

Mafundi wenye uzoefu huchagua sehemu za kupima kwa kufuata kemia iliyoelezwa hapo juu: upande wa chini wa bomba lililolala, ambako tope hutua, karibu na viungo vya meno, mahali shaba inapokutana na chuma, vipande vilivyozibwa mwisho ambamo maji hayapiti, sehemu inayofuata kiwiko au vali, ambako maji huenda kwa msukosuko, na mahali bomba linapopenya ukuta au sakafu yenye unyevu. Katika mabomba ya kuzimia moto huangaliwa pia sehemu za juu zilizonasa hewa, kwa kuwa oksijeni hupatikana penye mpaka wa hewa na maji.

Gharama ya kuacha mahali bila kupimwa ilionekana wazi nchini Japani tarehe 9 Agosti 2004. Katika jengo la turbini la kituo cha umeme wa nyuklia cha Mihama, bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 560 hivi lilipasuka na kumwaga maji ya nyuzi 140 za Selsiasi, ambayo mara yaligeuka mvuke. Maji hayo hayakuwa na mnururisho, lakini wafanyakazi 5 walikufa na wengine 6 waliungua. Ukuta wa bomba ulikuwa milimita 10 lilipokuwa jipya. Mahali lilipopasukia ulikuwa umekonda hadi chini ya milimita 2. Sehemu hiyo ya kituo ilianza kazi mwaka 1976, na njia ya kupima unene ilikuwapo miaka yote hiyo. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ile ilikuwa imeachwa nje ya orodha ya sehemu za kukaguliwa. Bomba la jengo la kawaida halina joto wala kanieneo la kadiri hiyo, lakini nalo hukaguliwa kwa orodha, na orodha yake huandikwa na watu.

Kutoka kipimo hadi uamuzi

Kipimo kimoja husema akiba iliyobaki ni ngapi. Vipimo viwili vya mahali pamoja, vilivyotengwa na miaka, husema akiba inaliwa kwa kasi gani. Kwa mfano, bomba lililokuwa na milimita 3.1 mwaka 2019 na milimita 2.6 mwaka 2024 limepoteza 0.5 kwa miaka 5, yaani 0.1 kwa mwaka. Ikiwa mhandisi ameweka milimita 1.6 kuwa mpaka wa chini, basi milimita 1.0 iliyobaki yatosha miaka 10, mradi maji na matumizi yasibadilike. Kwa hiyo mahali pa kupima hutiwa alama ya rangi na kuandikwa katika daftari, ili mpimaji wa baadaye, ambaye huenda akawa mtu mwingine, arudi pale pale.

Yafaa pia kujihadhari na unene wa kiwandani. Kiwango cha Marekani kiitwacho ASTM A53 huruhusu ukuta upungue asilimia 12.5 chini ya unene uliotajwa. Kwa kiwango hicho, bomba linaloitwa la milimita 3.6 laweza kutoka kiwandani likiwa na 3.15. Mtu akilipima na kupata 3.15, kisha akadai kutu imekula milimita 0.45, atakuwa ameihukumu kutu kwa kosa lisilo lake.

Mwisho, altrasoniki haimalizi kila shaka. Kishimo chembamba chenye kingo zilizosimama hutawanya sauti na chaweza kupitwa. Kwa sababu hiyo vipande vichache hukatwa katika sehemu zilizoonekana mbaya, hupasuliwa kwa urefu, na kulinganishwa na namba zilizoandikwa. Namba zikikubaliana na kipande, vipimo vya sehemu nyingine hupata nguvu ya kuaminiwa.

Kazi ya darasani

1. Simameni mita 85 kutoka ukuta mkubwa na kupiga makofi mara moja. Kwa mwendo wa mita 340 kwa sekunde, mwangwi utarudi baada ya muda gani? Andikeni hesabu kwa kutumia d = vt ÷ 2.

2. Tieni misumari 5 mipya katika gilasi 5: wa kwanza katika maji yaliyochemshwa, yakapozwa na kufunikwa kwa mafuta, wa pili katika maji ya bomba, wa tatu katika maji ya chumvi, wa nne katika maji ya chumvi ukiwa umezungushiwa waya wa shaba, na wa tano katika maji ya chumvi ukiwa umefungwa kipande cha zinki. Tazameni kila siku kwa wiki moja, kisha elezeni kila matokeo kwa anodi na kathodi.

3. Tafuteni kipande cha bomba kuukuu kwa muuza vyuma chakavu. Kateni pete 3, ondoeni kutu iliyolegea, na kwa kalipa pimeni unene mahali 8 kuzunguka kila pete. Tafuteni wastani na unene mdogo kuliko wote wa kila pete. Kama mngeruhusiwa kupima mahali pamoja tu, je, mngeligundua pale palipokonda zaidi?

4. Kipimio kilichopangwa kwa chuma kimeonyesha mikrosekunde 0.61 katika bomba ambalo miaka 4 iliyopita mahali pale pale lilikuwa na milimita 2.2. Tafuteni unene wa sasa na kasi ya ulikaji. Ikiwa mpaka wa chini ni milimita 1.6, mngemshauri mwenye jengo alipime tena baada ya muda gani, na kwa sababu gani?